Kwa Nini Kijumba Hushona Gamba Lake kwa Ndani

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni kabisa, maana leo nawaeleza habari za kiumbe mdogo kuliko punje ya mchele, na jinsi mji mzima ulivyotoka mbio kwa ajili yake!

Hapo kale, kabla moshi haujajua njia ya kwenda baharini, maji ya bahari yalikuwa na chumvi tu. Hayakuwa na ukali. Ndani yake walielea viumbe wadogo mno wenye vijibawa, kila mmoja amejijengea gamba jeupe, nene, kama nyumba iliyopakwa chokaa. Watu wa mji wa Mkumbini wakawaita vijumba. Walikuwa wengi hata bahari ikaonekana kama imemiminiwa maziwa. Dagaa walikula vijumba, jodari wakala dagaa, watu wakala dagaa na jodari, na bado vijumba hawakupungua.

Mjini hapo aliishi mchoma chokaa aitwaye Shaame, pamoja na mkewe, Mize. Mize aliokota magamba ya chaza na kuyaponda. Shaame akayachoma katika tanuri hata yakawa chokaa. Siku alipoipaka nyumba yake mwenyewe, watu walitoka kuitazama kana kwamba mwezi umeshuka uwanjani. Kila mtu akataka nyumba kama ile. Shaame akajenga tanuri la pili, akajenga na mengine, hata ufuko wote ukawa unafuka. Aliipenda kazi yake, na alipenda zaidi kusifiwa.

Moshi wa matanuri hayo ulikuwa mzito. Haukuweza kupanda juu. Ulijikunja, ukashuka ufukoni, ukaingia majini, na bahari ikaumeza wote. Kidogo kidogo maji yakawa makali. Kwanza wavuvi walisema dagaa wamehama. Kisha jodari nao wakatoweka. Watoto wa Mkumbini wakaanza kulala na njaa, na hakuna aliyejua sababu.

Asubuhi moja Mize alikwenda kuokota chaza, akakuta magamba yao yamekuwa mepesi kama ganda la kitunguu. Alishtuka. Akachota maji kwa kifuu cha nazi ayatazame vizuri, na mle ndani akasikia sauti nyembamba.

"Mama, usinimwage! Nimechoka."

Alikuwa kijumba. Gamba lake lilikuwa limetobokatoboka, limekonda hata mwili wake ulionekana ndani.

"Nani amekufanya hivi?" Mize akauliza.

"Maji yanatula. Ukali umeshuka na moshi. Wenzangu wengine wameyeyuka magamba, wakafa. Wengine wameyavua, wanaelea uchi. Mimi nashona. Nikiziba tundu huku, linafunguka kule. Nashona kwa ndani, mama, kwa sababu nje ndiko kunakoliwa. Sili, sizai. Nashona tu."

Mize akaingiwa na huruma, akatumbukiza kidole amwinue. Mikono yake bado ilikuwa na unga wa magamba aliyoyaponda. Unga ule ulipogusa maji, yakatoa mapovu, fyuuu! Kisha yakatulia. Kijumba akajigeuza, akapiga mbawa zake ndogo.

"Mama! Umetia nini?"

"Sijatia kitu. Ni unga wa magamba tu."

"Ongeza! Hayaumi tena! Ongeza!"

Mize hakungoja. Alikimbia na kifuu mkononi, maji yakimrukia kifuani, hadi matanurini. Shaame alikuwa akipanga kuni za kuchomea chokaa ya nyumba ya Jumbe, mkuu wa mji, aliyekuwa anamwoza bintiye.

"Zima moto, mume wangu! Moshi wetu ndio unaoiua bahari!"

"Mize, una wazimu? Jumbe anangoja."

"Njoo uonje bahari, halafu ndipo uniite mwendawazimu."

Akamvuta mkono hadi majini. Shaame akaonja, akatema. Akaonja tena. Yalikuwa machachu kama ukwaju. Akageuka nyuma, akauona moshi wa matanuri yake ukipita juu ya kichwa chake na kuzama baharini. Hakuwahi kuutazama kutoka upande ule. Akaketi mchangani.

"Nilidhani naupamba mji," akasema.

"Inuka," Mize akamwambia. "Lete vikapu!"

Loo, mngeiona siku ile! Shaame aliyazima matanuri kwa mikono yake, akajitwika kikapu cha kwanza cha magamba, akakimwaga baharini. Majirani wakatoka na ndoo, na vyungu, na mikeka. Mize alimrudisha kijumba wake baharini, akasimama maji ya kiunoni akipaza sauti, "Shona, mwanangu, shona!" Ufuko mzima ukaitikia. Jumbe akaja kwa hasira kuulizia chokaa yake. Alipoyaona mapovu yakichemka na maji yakitulia, akavua kilemba, akakijaza magamba, akaingia majini na viatu vyake!

Bahari haikupona siku hiyo. Ilichukua muda, na watu waliendelea kubeba. Lakini vijumba waliosalia walipata nafasi ya kula na kuzaa, na asubuhi moja watoto walipoona dagaa wa kwanza wakimetameta mwambaoni, walipiga ukelele uliowaamsha wagonjwa. Nyumba ya Jumbe ilibaki nusu nyeupe, nusu udongo, na harusi ikafanyika hivyo hivyo, kwa samaki tele.

Ndiyo maana kijumba wa leo ana gamba jembamba kama kioo, na ukimtazama kwenye mwanga, utauona mshono wake upande wa ndani. Ndiyo maana pia wapo nduguze wanaoelea bila gamba lolote. Na wanawake wa Mkumbini, wakimaliza kula chaza, hawatupi magamba jaani, hata moja. Huyabeba hadi majini, wakayarusha mbali kadiri ya nguvu zao, wakipaza sauti: "Shona, mwanangu, shona!"