Sisi Ni Rangi Gani Sasa?

"Jamani, sisi ni rangi gani sasa?"

Msichana mmoja aliuliza hivyo katikati ya mchezo wa kompyuta.

Alikuwa wa mwaka wa kwanza, mgeni wa chuo na mgeni zaidi wa ile gemu: vita vya angani, kila mchezaji na kompyuta yake, kila mmoja akiendesha chombo chake katikati ya nyota. Mchezaji mmoja wa timu ya bweni lao aliugua, wakamwambia ashike nafasi. Akicheza vizuri, nafasi ni yake. Naye aliitaka, ndugu zangu! Alitaka kujua kila kitu. Mbona ukizima injini chombo kinazidi kwenda? Akajaribu, akajaribu tena, mpaka akang'amua: kule juu hakuna upepo wa kukizuia, ukitaka kisimame, lazima ukisukume kinyume. Akacheka peke yake kwa furaha.

Mchezo wa kwanza walikuwa bluu. Wakashinda. Wa pili, timu zikabadilishana pande, na kwenye ramani nukta za bluu na nyekundu zikaanza kutambaa kama siafu. Ndipo akauliza.

"Dada, maswali ya chekechea baadaye," nahodha akasema, macho kwenye kioo. "Piga!"

"Nimpige nani?"

"Shangazi yako! Adui, bwana, kwani kuna mwingine?"

Wenzake wakaangua kicheko. Basi akapiga. Tena alilenga vizuri, maskini. Nukta kubwa nyekundu mbele yake ikapasuka. Kilikuwa chombo chao wenyewe, kile kilichobeba mafuta ya wote. Mechi ikaishia hapo.

Nahodha akavua hedifoni. "We dada! Kama hujui, si ungeuliza?"

"Niliuliza."

"Lini?"

"Nauliza tena. Tulikuwa rangi gani?"

Mmoja akasema bluu. Mwingine akasema nyekundu. Nahodha akageukia kioo kutafuta jibu. Walikuwa wamecheza muda mrefu mno, wanavijua vyombo vyao kwa umbo na mwendo. Rangi walishaacha kuitazama.

Mnacheka? Wale ni sisi! Ni wangapi wameingia humu kanisani wakauliza kwa sauti ndogo, "Mbona niliomba na mama hakupona?" Tukawajibu nini? "Amini tu, dada." Halafu mmoja akianguka dhambini tunamwitia kikao! Tunamsengenya kwenye foleni ya chakula! Nani alimpa silaha bila kumwonyesha adui? Msiniambie hiyo ni imani. Huo ni uvivu uliojifunza kuimba. Na kama jibu hatulijui, tushindwe hata kusema "hatujui"? Yule msichana angesikia hivyo tu, asingefyatua.

Nawaomba jambo moja. Ibada ikiisha, usikimbilie chai. Mtafute aliyekuja leo kwa mara ya kwanza, muulize ana swali gani, na umsikilize mpaka amalize.