Mwavuli Usiolazwa

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakali na jua likiwazidi kwa ukali, palikuwa na Sultani aliyechukizwa na miti ya mikungu iliyojipanga kando ya njia ya kisimani, kwa kuwa iliwazuia watu wasilione jumba lake. Basi akaamuru ikatwe yote.

Habari ikamfikia Mbwarali, fukara ambaye mji mzima ulimwita punguani, ikamchoma moyo. Mamake mzee alichota maji kila siku akipumzika mti hadi mti, na bila mikungu ile njia ingemuua. Akaenda barazani, akalia kwamba njia isiyo na kivuli haipitiki.

Sultani akamcheka, akasema kwamba yeye kila Ijumaa adhuhuri huvuka uwanja wa msikiti, usio na hata mche mmoja, wala hajaona joto. Na kweli hakuliona, maana alivuka chini ya mwavuli wa enzi, ambao kwa ada ya mji ule hushikwa wima. Ukilazwa, husemwa kwamba kiti cha enzi nacho kimelala.

"Nionyeshe joto hilo," akasema, "bila mwavuli kutoka juu ya kichwa changu. Ukiweza, miti itaachwa. Ukishindwa, utaikata wewe kwa mkono wako."

"Nimeridhia, Bwana wangu. Ila tutoke alasiri."

Ikawa alasiri, jua limeinama, wakatoka kuuvuka uwanja wa msikiti. Mwavuli ulisimama wima juu ya Sultani, na kivuli chake kikaanguka kando, ambako Mbwarali alitembea taratibu akipiga mluzi. Jasho likamtiririka Sultani hadi ndevuni. Akaruka kukifuata kivuli; mshika mwavuli akaruka naye, na kivuli kikaruka mbele yao. Wakaruka hivyo uwanja mzima, watu wakiuma ncha za vilemba wasicheke. Sultani akanong'ona mwavuli ulazwe kidogo, akajibiwa kwa adabu kwamba mtumwa wake hathubutu kuangusha dola.

Hatimaye akatimua mbio, mwavuli ungali juu ya kichwa chake, akajitupa chini ya mkungu wa kwanza wa njia ya kisimani.

"Bwana wangu," akauliza Mbwarali, "mwavuli umetoka juu ya kichwa chako?"

"Haukutoka, mlaanifu wewe," akasema Sultani, akicheka hata akakohoa, na papo hapo akaamuru mashoka yarudishwe ghalani.

Mara akatokea mamake Mbwarali, mtungi kichwani, macho hayaoni vyema, akakuta mtu amejinyoosha mahali pake.

"Sogea, mwanangu," akamwambia, "nami nipumue."

Na Sultani, mwenye mji na vilivyomo, akasogea.