Zamu ya Alhamisi

Sogeeni karibu, na mwenye maneno ayashike kwanza, maana mwisho mimi ndiye nitakayewauliza nyinyi. Nawajua. Kesi haijafika katikati mmeshahukumu na kurudi makwenu.

Huko milimani Upareni kuna mtaa mmoja wa kaya kumi, na kaya zile zinaishi kwa ndiva. Asiyejua ndiva nimwambie: ni bwawa dogo la mawe na udongo, walilijenga mababu chini ya chemchemi. Maji yanajikusanya humo tangu jioni, na asubuhi mgawa maji anachomoa kizibo, yanateremka mferejini mpaka shamba la mwenye zamu. Siku moja, shamba moja. Msiniambie habari ya kugawana nusu kwa nusu, walishajaribu. Ukiyagawa maji ya ndiva ile mara mbili, yanakauka mferejini kabla ya kufika kwa yeyote.

Siku za wiki ni saba, na kaya zenye zamu zilikuwa saba. Kaya tatu zilizobaki hazikuwa na zamu. Nani kasema zisiwe nayo? Hapo ndipo anapoingia Mama Nanzia.

Mama Nanzia ndiye mgawa maji. Mwanamke wa miaka sitini na ushei, mnyoofu, hana upendeleo, na hata shemeji yake akichelewa kufika na jembe, maji yanampita. Sheria aliyoikuta ni moja: anayefika msaragambo ana zamu, asiyefika hana. Msaragambo ni kazi ya wote. Baragumu likilia, kila kaya inatoa mtu wa kuzibua mifereji na kukarabati ndiva. Sasa mwaka ule aliokabidhiwa kazi, Mama Nanzia alisimama kikaoni akasema, "Jamani, wapo wenzetu watatu hawajiwezi. Tuwaonee huruma, tuwasamehe msaragambo." Watu wakampigia makofi. Wale watatu hawakuulizwa. Zamu zilipopangwa, sheria ikafuata mkondo wake: hawakufika msaragambo, hawana maji. Mama Nanzia akawa anawapelekea debe la maharage kila mavuno, na alilala usingizi mzuri miaka kumi na tisa.

Wa kwanza ni Togolani. Macho yake yalipotea ukubwani, ana mke na watoto, anasuka matenga, na mdomo wake ni wembe. Njia zote za mtaa ule anazijua kwa fimbo na nyayo, hata kile kijia cha nyuma ya ndiva ambacho wengine wamekiacha kiote nyasi.

Wa pili ni Namsifu, mfinyanzi. Hasikii tangu utotoni. Anaongea kwa mikono, na wifi yake ndiye anayemwelewa vizuri kuliko wote. Wengine wakitaka kumwambia jambo wanapiga kelele sikioni mwake, basi wanajiumiza koo bure. Vyungu vyake havivuji, na hilo hata maadui zake wanakubali.

Wa tatu ni Elihaki, mtu wa miaka arobaini. Ukimweleza jambo anachukua muda kulipokea, na akishalipokea halimtoki. Aliwahi kuambiwa alinde mtama usiliwe na ndege, akalinda mpaka mtama ukavunwa, na kesho yake bado yuko palepale na kombeo lake. Watu walicheka mwaka mzima. Kila mtu alimtuma, ila sijasikia aliyewahi kumuuliza shauri.

Haya. Kiangazi kikaja, maharage yakaanza kutoa maua, na ndiva ikaanza kupungua. Asubuhi Mama Nanzia anafika anakuta maji nusu. Wiki ya pili, robo. Baragumu likalia. Watu wakachimba ukuta wa mashariki, kwa sababu nyasi za upande ule zilikuwa za kijani kuliko kwingine. Siku tatu wanachimba, na maji yanazidi kutoroka. Maharage yakikosa maji wakati wa maua, unang'oa mashina makavu ukawashie moto, kwa hiyo mnaelewa watu walikuwa na hali gani.

Siku ya tatu Togolani akatokea na fimbo yake. Mbazi, mtu ambaye hakuna kikao kinachopita bila neno lake, akamwambia, "Togolani, si umesamehewa wewe? Rudi ukapumzike."

"Nimepumzika miaka kumi na tisa, Mbazi. Mgongo unaniuma kwa kupumzika." Akageuza uso upande wa Mama Nanzia. "Dada, mnachimba pasipo na kitu. Maji yanatokea nyuma, kwenye kijia cha kwenda kwa dada yangu. Fimbo inazama pale tangu mwezi uliopita, na tope lake ni baridi kama maji ya chemchemi."

"Mwezi mzima! Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Msaragambo simo, kikaoni siitwi. Niwaambie kuku?"

Mama Nanzia akawahamisha watu wote wakachimbe nyuma, na kabla ya saa nne walilikuta tundu, kubwa, mkono unaingia mpaka kwapani. Lilianzia ndani ya bwawa, chini kabisa ya ukuta.

Wakafurahi, wakapunguza maji, wakashindilia mawe na udongo wa pale pale. Chemchemi haisubiri mtu. Maji yakapanda, yakasukuma, na mawe yote yakatokea upande wa pili. Wakarudia, yakatoka tena.

Namsifu alikuwa amekaa ukingoni tangu asubuhi, anatazama. Mara ya tatu walipotaka kushindilia udongo uleule, akainuka, akaingia bwawani na nguo zake, akaanza kuutoa kwa mikono na kuutupa nje. Mbazi akamfokea, "Wewe! Acha!" Alifoka kwa sauti hata ng'ombe wa ng'ambo wakainua vichwa. Namsifu akaendelea na kazi yake. Alipomaliza akaenda nyumbani, akarudi na udongo wake wa ufinyanzi, mizigo mitano, akisaidiana na wifi yake na Elihaki. Alichanganya humo vigae vya vyungu vilivyotwangwa, akawashika wanawake mikono na kuwaonyesha namna ya kukanyaga mpaka ulainike. Kisha akaujaza tunduni mwenyewe, ngumi kwa ngumi, akafunika kwa ubao. Akaonyesha jua, akaonyesha kilele cha magharibi, akagonga ubao mara mbili.

Wifi yake akawaambia, "Anasema ubao huu ukandamizwe mpaka jua lifike kilele kile. Usiachwe hata kidogo. Ukiachwa, maji yataunyonya udongo kabla haujashika, na huu ndio udongo wote alionao. Hana mwingine."

Wanaume wakapokezana, huyu anasukuma, huyu anapumzika. Ikafika zamu ya Mbazi, na Mbazi akaona maji ni ya baridi. "Elihaki, hebu njoo ushike hapa kidogo," akasema. Elihaki akashuka, akaegemeza mgongo kwenye ubao, akakaza miguu.

Mara makande yakafika. Makande ya moto, na watu hawajala tangu alfajiri! Wote wakapanda kivulini, Mama Nanzia na Namsifu wakiwamo. Kila mmoja aliamini mwenzake amebaki kushika zamu ya ubao. Wakala, wakashiba, wakasimuliana, na wengine wakajinyoosha. Jua lilikuwa limeshainama Mama Nanzia alipouliza, "Ubaoni yuko nani?"

Watu wakatazamana. Aliyekuwa akitafuna akaacha. Mama Nanzia akavuta kanga yake juu ya magoti na kukimbia, mama wa miaka sitini, akijiambia moyoni kwamba udongo umekwenda na mwaka umekwenda.

Alimkuta Elihaki palepale, mgongo ubaoni, maji yamemfika kifuani, midomo inatetemeka.

"Elihaki! Hukwenda kula?"

"Nilikuwa na njaa," Elihaki akasema.

"Sasa kwa nini hukuita mtu?"

"Niliita. Mlikuwa mnacheka."

Mbazi akafika akihema. "Masikini, si nilimwambia ashike! Huyu ukimwambia kitu hakiachi, nyie mnamjua."

Elihaki akamwangalia. "Si kwa sababu yako," akasema polepole. "Wifi yake Namsifu alisema ukiachwa udongo unanyonywa. Mlikuwa mmesimama wote. Mimi nilisikia."

Mama Nanzia aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Alishuka majini, akaegemeza bega lake kwenye ubao, na wakakaa hivyo wawili mpaka jua lilipofika kileleni.

Kesho yake ndiva ilijaa mpaka ukingoni. Hakuna aliyeiona hivyo tangu masika. Kikaitwa kikao, na safari hii wale watatu waliitwa kwa majina, wakawekewa viti mbele. Ikatokea kwamba kaya moja yenye zamu imehamia tambarare, kwa hiyo Alhamisi haina mwenyewe. Watu wakasema kwa sauti moja: zamu ya Alhamisi apewe aliyeiokoa ndiva.

"Basi hakuna cha kujadili," akasema Togolani. "Ningekaa kimya, leo mngekuwa mnachimba mashariki na majembe yamekwisha. Nina watoto wanne na maharage yamenyauka."

Namsifu alikuwa anafuata mikono ya wifi yake, naye akajibu kwa mikono, haraka, na wifi akawa anasema: "Anasema, kuonyesha tundu siyo kuliziba. Mliliona, mkashindilia mawe yenu, yakatoka. Udongo wa vyungu vyake vya msimu mzima uko ukutani kwenu. Sasa hana cha kufinyanga, na shambani hana maji. Anauliza, ale nini?"

Wote wakamgeukia Elihaki, wakitabasamu kidogo, kama watu wanavyomtabasamia mtoto.

"Na mimi naitaka," Elihaki akasema. "Maharage yangu yana maua."

Mbazi akacheka. "Lakini wewe ulishika ubao tu, ndugu yangu."

"Ungeshika wewe," akasema Elihaki, na kicheko kikaishia hapo.

Mtu mmoja akashauri wapokezane, Alhamisi hii huyu, ile yule. Mama Nanzia akatikisa kichwa. Maharage yenye maua hayangoji wiki tatu, kila mkulima pale alijua. Mwingine akaanza kusema wapelekewe debe kama zamani, lakini alipouona uso wa Togolani akakaa mwenyewe.

Ndipo Mama Nanzia akasimama. Sauti yake ilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyesema tuwasamehe," akasema. "Nilidhani nawatendea wema. Sikuwauliza. Miaka kumi na tisa nimewazibia maji kwa mkono wangu, halafu nawapelekea debe wanishukuru. Jumanne yangu nimeitoa. Mnajua nina wajukuu sita, na mnajua wanakula wapi. Nimeitoa, haya."

Sasa zamu zikawa mbili na watu watatu. Mama Nanzia akazitazama zile kaya tano nyingine, moja baada ya moja, akingoja. Mmoja akawa anakagua mpini wa jembe lake. Mmoja akakumbuka kufunga kilemba. Mbazi, ambaye hakosi neno, siku ile alikosa.

"Mbili zinatosha kwa wawili," Togolani akasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza alisema kwa upole. "Taja basi, dada. Tuambie nani mnamsamehe tena."

Mama Nanzia aliomba apewe muda mpaka Alhamisi, naye hakupata usingizi mzuri. Alhamisi asubuhi akafika ndivani, akashika kizibo kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Chini yake njia ya maji inagawanyika mara tatu, na kwenye kila mdomo wa mfereji yupo mtu na jembe: Togolani na fimbo yake ubavuni, Namsifu macho yakiwa kwenye mikono ya mgawa maji, Elihaki amechutama anasafisha majani njiani ili maji yake yasikwame. Elihaki alikuwa na hakika kabisa kwamba yanakuja. Leo mmoja atapata, Jumanne mwingine, na wa tatu atarudi nyumbani na jembe kavu. Nyuma yao wamesimama wale wa kaya tano, wamekuja kutazama.

Mimi naishia hapo. Haya, semeni sasa. Aliyelijua tundu, aliyeliziba, na aliyelishikilia: ungekuwa wewe ndiye umeshika kizibo kile, ungemwacha nani? Na kama ungekuwa mmoja wa wale watano waliosimama nyuma, zamu yako iko salama na makande ulikula, ungemwacha Mama Nanzia achague?