Mshenga na Vyungu vya Jua

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na milima miwili, bonde moja, na watu waliochoka.

Haya, kaeni. Wewe, acha kumfinya mwenzio. Hadithi ya leo haichekeshi. Anayetaka ya kuchekesha aende kwa shangazi yake.

Hapo kale, katika mlima wa mashariki aliishi Zimwi Kishindo. Katika mlima wa magharibi, wakitazamana, aliishi Zimwi Mabavu. Kila mmoja alikuwa na meno kama majembe na tumbo lisilojua kushiba. Na kila mmoja alikuwa na vizimwi wake, wale mazimwi wadogo wa kushangilia, maana zimwi hawi mkubwa bila wa kumshangilia.

Katikati palikuwa na bonde, na bondeni walikaa watu.

Basi mazimwi hawa waliiba vipande vya jua. Msiniulize waliibaje. Walivitia katika vyungu vyeusi, wakavifunika kwa vifuniko vizito. Siku moja Zimwi Mabavu akafunua chungu kimoja kidogo, kwa kujaribu tu, huko kwenye uwanda usio na mtu. Mpaka leo pale hapaoti kitu. Hata ndege wakifika hapo hukata kona.

Tangu siku hiyo kila zimwi akajua. Akifunua yeye, mwenzake naye atafunua. Wataungua wote wawili, na bonde nalo litaungua, majani, visima, na watoto walio tumboni. Wakaogopana. Na kule kuogopana kwao, watu wa bondeni wakakuita amani.

Siku moja watu wakaamka, wakaona chungu cheusi juu ya kilima kidogo kilicho mbele ya mlango wa Zimwi Kishindo. Zimwi Mabavu ndiye aliyekiweka.

Zimwi Kishindo akatoka, akakiona. Akaweka mkono juu ya kifuniko cha chungu chake kikubwa, akanguruma mpaka sufuria za uji bondeni zikatikisika.

"Mwezi ukiandama na chungu kile bado kipo, nafunua!"

Kule ng'ambo Zimwi Mabavu naye akaweka mkono juu ya chungu chake.

"Akifunua, nafunua!"

Vizimwi wa huku wakapiga makofi: "Afunue! Afunue! Afunue!" Vizimwi wa kule wakapiga makofi: "Afunue! Afunue! Afunue!"

Na watu wa bondeni je? Mwezi ulikuwa umebaki kipande chembamba. Walitaka kukimbia, lakini wakimbilie wapi? Bwana mmoja alimchinja ng'ombe wake wa pekee, akasema ya nini kumtunza. Msichana mmoja alisukwa nusu kichwa, msusi akaacha kitana akaenda zake, na msichana hakumwita. Walioazima majembe hawakurudisha, na wenye majembe hawakudai.

Bondeni alikuwako mama mmoja, Bi Kidawa. Huyu alikuwa mshenga. Mtu akitaka kuoa, humtuma Bi Kidawa akapeleke posa, naye hupeleka maneno na kurudisha maneno mpaka koo mbili zikakaa mkeka mmoja. Alikuwa na binti mmoja tu, Sikudhani, na Sikudhani mimba yake ilikuwa imeshafika mwezi wake.

"Mama," Sikudhani akasema, "mtoto huyu namzaa ili aje kuona nini?"

Bi Kidawa akatoka nje, akajifunga kibwebwe, akashika njia ya mlimani peke yake.

Akafika kwa Zimwi Kishindo, akaingia mlango wa mbele mpaka barazani. Vizimwi walikuwa wamejaa pomoni.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba, kibibi. Sema upesi, sijala tangu asubuhi."

"Nimekuja kuomba. Ondoa mkono wako kwenye kifuniko, watu wa bondeni wapate kupumua."

Zimwi Kishindo akawatazama vizimwi wake. Vizimwi nao walikuwa wanamtazama yeye. Akavimba.

"Nitoe mkono mimi? Chungu kile kiondoke kwanza! Kisipoondoka, nafunua!"

"Afunue! Afunue! Afunue!"

Bi Kidawa akateremka, akapanda mlima wa pili. Akaingia kwa Zimwi Mabavu, nako kwa mlango wa mbele, mpaka barazani.

"Shikamoo, mkubwa. Nimekuja kuomba. Kiondoe chungu kile kilimani, watu wa bondeni wapate kupumua."

Zimwi Mabavu akawatazama vizimwi wake, akavimba kumshinda mwenzake.

"Nikiondoe mimi, niitwe mwoga? Akifunua, nafunua!"

"Afunue! Afunue! Afunue!"

Lakini Bi Kidawa alikuwa karibu, akauona ule mkono juu ya kifuniko. Ulikuwa umebabuka malengelenge, na ulikuwa unakikandamiza kifuniko kisifunuke.

Akatoka, akakaa njiani juu ya jiwe, akalia. Alilia kwa sababu aliona wazi kwamba hakuna aliyetaka kufunua, na kwamba watafunua. Hakuna jambo linalokatisha tamaa kuliko hilo.

Alipokwisha kulia, akajishika kichwa. "Kidawa we! Umezeeka au umerogwa? Tangu lini posa ikaanzia barazani?"

Mnajua, wajukuu zangu, posa haianzii mbele za watu. Mshenga hupita uani kwanza, kwenye moshi na masufuria, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akauliza polepole: mkiambiwa hivi mtasemaje? Mkipewa hiki mtakataa? Mambo yote huamuliwa huko. Ikifika siku ya baraza, wanaume huvaa kofia zao na kutamka kwa sauti nene yale yaliyokwisha kukubaliwa jikoni. Bi Kidawa alilijua hilo miaka na miaka. Ni hofu iliyompeleka mbio mlango wa mbele.

Basi akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba ya Zimwi Mabavu, akaingia uani.

Akamkuta peke yake, ameuchovya mkono wake katika beseni la maji, anaugulia. Bila vizimwi wake alionekana mfupi.

"Umefuata nini huku?" zimwi akanong'ona.

"Nimekuja kukuuliza unachokitaka. Kule barazani ulinieleza usichokitaka."

Zimwi Mabavu akasema, "Nikishuka kukichukua kile chungu, vizimwi wangu watanila. Zimwi akirudi nyuma huliwa na wake. Ndiyo desturi yetu."

"Na kwa nini ulikiweka?"

"Kwa sababu yeye alianza! Ana chungu chake nyuma ya chemchemi yangu, amekificha majanini. Kila ninapokunywa maji nakisikia kinatokota."

"Mbona hukusema?"

"Niseme barazani kwamba niliwekewa chungu mgongoni nisijue?"

"Kile cha chemchemi kikiondoka, cha kilimani kitaondoka?"

Zimwi akautazama mkono wake. "Kitaondoka."

Bi Kidawa akateremka, akapanda tena mlima wa mashariki. Akaingia uani kwa Zimwi Kishindo. Huyu alikuwa amejilaza jikoni amefunikwa gunia, na hakuwa amelala.

"Mkubwa, kile cha chemchemi."

Zimwi Kishindo akaruka akaketi. "Nani kakwambia?"

"Mwenzio yuko tayari kukiondoa cha kilimani. Wewe ondoa hicho."

"Nikikiondoa mbele ya vizimwi wangu, nimekwisha."

"Kiondoe kimya kimya. Hakuna atakayejua."

Zimwi akafikiri, akamung'unya mdomo. "Sawa. Lakini barazani tutasema nini? Niliapa mbele yao. Yule naye aliapa. Viapo viwili vile tutavipeleka wapi?"

Jibu Bi Kidawa alikuwa nalo. Koo mbili zikikaribia kupigana, mshenga hutoka katikati akasema: ulimi wangu ndio ulioteleza, nisameheni. Wote hupumua, mshenga akazomewa kidogo, na harusi ikifika hupewa sahani yake kama kawaida. Lakini hapa hapakuwa na harusi. Alijua angezomewa, na sahani isingekuja.

"Semeni mshenga alikosea," akasema.

Zimwi Kishindo akasema, "Basi ukae na neno hilo mpaka kaburini. Siku utakapomwambia mtu, hata huyo mwanao, vizimwi watajua, na mimi sitangoja kuliwa. Nafunua."

Bi Kidawa akamrudia Zimwi Mabavu na habari hiyo, naye akasema vivyo hivyo: "Siku utakapomwambia mtu, nafunua."

Siku ya kuandama mwezi watu wote wakakusanyika bondeni. Mazimwi wakateremka, na vizimwi wao nyuma. Bi Kidawa akapiga magoti kati yao.

"Mimi ndimi niliyekosea," akasema kwa sauti. "Zimwi Mabavu alinituma nimwombe jirani yake ruhusa ya kuweka chungu kilimani kipoe. Sikufikisha. Na Zimwi Kishindo aliuliza kwa upole, mimi nikampelekea mwenzake matusi. Hakuna aliyemchokoza mwenzake. Ni mdomo wangu."

Zimwi Kishindo akacheka kwa nguvu. "Kumbe niliombwa ruhusa! Ningejua!"

Zimwi Mabavu naye akacheka. "Kumbe hakunitukana! Basi nakichukua chungu changu, hapa pameshaniudhi."

Vizimwi wakacheka, maana wakubwa wao wamecheka. Chungu cha kilimani kikaondoka mchana kweupe. Cha chemchemi kilikuwa kimeshaondoka, na hakuna aliyejua. Vyungu vyenyewe havikuvunjwa. Vilirudishwa ndani tu, na mpaka leo vinatokota.

Mwezi ukaandama, na hakuna kilichoungua.

Watu wa bondeni wakamgeukia Bi Kidawa. Yule aliyemchinja ng'ombe wake akamtemea mate. "Siku zote hizi tumekaa roho juu kwa sababu ya kidomodomo chako?" Wengine wakaokota magongo.

Sikudhani akajipenyeza na tumbo lake, akamshika mama yake mabega.

"Mama, ni kweli?"

"Kweli, mwanangu."

"Mama, nitazame. Ni kweli?"

"Kweli."

"Mama, mimi ni mwanao. Ni kweli?"

Neno lilimjia Bi Kidawa mpaka kwenye ulimi. Akalitazama lile tumbo. Akalimeza neno, akaitika kwa kichwa.

Sikudhani akamwachia mabega. Hakumpiga wala hakumtukana. Akaondoka na wenzake.

Wakamfukuza akakae mwisho wa bonde, palipo na mawe. Hakuna aliyemtuma posa tena. Wakatafuta mshenga mwingine, kila mtu akakataa, akisema kazi gani hiyo. Sikudhani akajifungua mtoto wa kike. Bi Kidawa alipata habari kwa vigelegele alivyovisikia kwa mbali. Akakoka moto wa kupika uji wa mzazi, kisha akakumbuka hana wa kumpelekea, akauzima.

Mtoto akakua, akaanza kutembea, akaanza kufuatana na wenzake kisimani. Siku moja Bi Kidawa alikwenda kuteka maji akawakuta. Watoto wakaanza kuimba: "Mshenga mwongo! Mshenga mwongo! Mshenga mwongo!"

Yule mtoto wa Sikudhani, hata kusema sawasawa bado, akaona wenzake wanarusha, naye akaokota jiwe. Akarusha. Likampata Bi Kidawa begani.

Sikudhani alikuwa pale na ndoo yake, akaona. Akamshika mwanawe mkono. "Twende," akasema, na kwa mama yake hakugeuka.

Bi Kidawa akabaki kisimani na bega linamuuma. Alikuwa ameuona ule mkono wa mtoto ulioinuka kurusha. Ulikuwa mnene, mzima, hauna hata kovu la moto. Akalia mpaka akashindwa kunyanyua mtungi, na katika kulia kwake alikuwa anasema, "Ana nguvu. Mjukuu wangu ana nguvu."

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na yenye furaha, zamu ni yake.

Na funzo lake ndilo hili: wakubwa wakitishiana kwa moto, huokolewa na maneno yaliyosemwa uani, na aliyeyabeba maneno hayo hapewi asante. Kwa hiyo mkimwona mtu ametengwa na wote, msiwe wepesi wa kuokota jiwe.