Bwana Kondo na Sifa za Jembe

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye kushika jembe?
Kachoka!
Mwenye kulisifu?
Kashiba!

Basi hapo kale paliondokea tajiri mmoja, Bwana Kondo, mwenye shamba la mahindi lisiloonekana mwisho. Vibarua wake walikuwa watatu: Lugome, Nyambilo na mwanamke mmoja, Mkami. Ujira wao ulikuwa uji asubuhi, uji jioni, na methali katikati.

Siku moja Lugome akaaga. "Bwana, naenda kufyatua matofali."

Kondo, yuko kivulini, akamwambia, "Jembe halimtupi mkulima."

Lugome akaenda.

Siku ya pili Nyambilo akaaga. "Bwana, naenda kupika hotelini."

"Jembe halimtupi mkulima."

Nyambilo naye akaenda.

Siku ya tatu ikawa zamu ya Mkami. "Nimepata cherehani, Bwana."

"Jembe halimtupi mkulima, Mkami. Kulima ni heshima."

"Na wanao wanalima wapi?"

Kondo akakohoa. Mkubwa alikuwa karani, mdogo ana duka, na baba yao ndiye aliyewakataza kugusa mpini. Msicheke, jamani. Kikohozi kile hakikuwa cha mafua. Mkami naye akaenda.

Mvua zikanyesha, magugu yakafika kiunoni. Kondo akawafuata wote watatu, kofia mkononi. "Rudini. Nitawaongeza uji."

Mkami akasema, "Tutarudi, Bwana, kwa sharti moja. Lima nasi siku moja, alfajiri hadi magharibi. Ukimaliza, tutaamini ni heshima."

"Hilo tu?" Kondo akaona amewapata.

Kulipokucha wakaingia shambani. Kondo akalima tuta moja, akaenda kunywa maji. Akalima nusu tuta, akaenda kunywa maji. Akapiga majembe matatu, akatazama malengelenge viganjani, akaenda kunywa maji. Jua likapanda, jua likashuka. Kondo hakurudi.

Walimkuta jioni kwenye tanuru la matofali, kapanga foleni na vijana, anaomba kazi yoyote isiyo ya jembe. Msimamizi hakumjua.

"Mzee, unajua kufanya nini?"

Kondo akafikiri sana. "Maisha yangu yote nimekuwa nikisifu kilimo."

"Vizuri," akasema msimamizi. "Vua viatu, ingia kwenye lile tope. Lisifu huku ukilikanyaga."

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni mwenye shamba.