Msiba wa Dunia na Mrithi Mwenye Macho Matatu

Palikuwa na Sultani ambaye hakuzaliwa hapa duniani, na nasema hivi bila kumsingizia. Jina lake Gwizumba. Alitoka kwenye nyota ya mbali huko, akatua katikati ya uwanja wa mpira wa Mtambaani na chombo kilichofanana na hotpoti, mechi ikiwa bado sare. Macho matatu, pembe mbili, ngozi ya kijani kama mlenda uliolala. Askari wake wakatuzoa mji mzima, wakatufungia kwenye ghala la korosho. Mimi nilikuwemo, kwa hiyo msinibishie.

Tuliogopa, jamani. Mwenyekiti wa soko alijitia ushujaa, akamwambia Sultani arudi alikotoka. Akapulizwa moshi wa zambarau, akageuka kigoda. Sultani akamkalia papo hapo, na kile kigoda bado kinakohoa.

Sasa huyu Gwizumba alikuwa na udhaifu mmoja: hakutaka kabisa kuitwa mwizi. Kabla ya kuja alikaa huko juu akisikiliza redio zetu ajifunze lugha na desturi, na kila alipofungulia alikuta matangazo ya vifo. Akaamini kwamba huku kwetu mali hupatikana kwa njia moja tu: mmoja afe, mwingine arithi. Basi asubuhi moja akatutoa ghalani, akatupeleka uwanjani, akaketi golini juu ya mwenyekiti wetu, akatangaza kwa sauti ile ile ya huzuni ya redioni:

"Sultani Gwizumba anasikitika kutangaza kifo cha dunia, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu ameacha watu, ng'ombe na bahari kadhaa. Mrithi wa vyote ni Sultani mwenyewe. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo."

Kisha akatufafanulia. "Kila mtu atapita hapa mbele aseme: dunia imekufa, mimi ni mali ya mrithi. Akishasema atapanda chombo, twende naye kwetu akanisugue pembe mpaka azeeke. Asiyetaka kusema asiseme. Nina upungufu wa vigoda."

Ndipo akatoka Kidawa, muuza mihogo, mwanamke hana mbele wala nyuma, lakini ulimi anao, na tangu azaliwe hajakosa msiba wowote wenye pilau. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda mpaka miguuni pa Sultani, akaketi chini, akanyoosha miguu, akaangua kilio cha kusikika mji wa pili.

"Wewe, unafanya nini?" akauliza Sultani.

"Nalia. Na wewe pole sana, baba, umefiwa."

"Mimi?"

"Mrithi si ndiye mfiwa mkuu? Au siye wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona umevaa taji, kama uko harusini?"

Sultani akavua taji.

"Na mbona umekaa juu, wafiwa wenzio tuko chini?"

Sultani akashuka, akakaa mchangani. Kigoda kikashusha pumzi.

"Na mbona hulii? Huku kwetu mrithi mwenye macho makavu watu humnong'ona. Husema ndiye aliyeua."

"Sikuua mtu mimi," Sultani akadakia. "Iliugua kwa muda mfupi."

"Basi lia."

Akalia. Macho matatu yakilia, ndugu zangu, ni kama bomba la mtaa lililopasuka. Askari wake wakadhani ni amri, nao wakaangua kilio. Tukajikuta sisi mateka ndio tunaowapigapiga mabegani, tukiwaambia wajikaze.

Sultani akapenga kamasi. "Nimeshalia. Sasa nichukue mali yangu."

"Marehemu umeshamzika?"

"Bado."

"Maiti hajazikwa, wewe unagawa mirathi? Na redioni hukusikia? Si husema kwanza mipango ya mazishi inafanyika?"

Sultani akakumbuka. Uso ukamshuka, maana askari wake wote walikuwa wanamtazama. "Ni kweli, husema hivyo," akakubali. "Basi naapa kwa pembe zangu, mbele ya jeshi langu: sigusi mtu wala ng'ombe mpaka dunia izikwe. Na itazikwa leo hii. Leteni mashine za kuchimba."

Hapo mimi nilikata tamaa. Mashine zenyewe zilikuwa kubwa kuliko msikiti wa Ijumaa. Nikasema moyoni, Kidawa ametuchelewesha tu, pembe tutazisugua.

"Tuchimbe wapi, mkuu?" wakauliza askari.

"Hapa," akasema Sultani, akapiga mguu chini.

"Taratibu, baba," Kidawa akamwambia. "Huyo unayemkanyaga ndiye marehemu."

Sultani akanyanyua mguu. Akauweka kando, akaunyanyua tena. "Pale kwenye kichuguu je?"

"Pale ni puani."

"Na kule bondeni?"

"Sultani, tuheshimiane. Kule hata hapatajwi mbele ya watu."

Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, anawaza. Kisha macho yote matatu yakamng'aa. "Nimepata. Marehemu nitamsafirisha, nikamzike kwetu. Nafasi iko tele. Au hilo nalo lina desturi ya kunizuia?"

"Halina," akasema Kidawa. "Maiti husafirishwa kila siku."

Sultani akacheka mpaka pembe zikagongana. Akawageukia askari. "Mnyanyueni."

Jeshi zima likainama, likashika majani ya uwanja, likavuta. Majani yakang'oka, askari wakaanguka chali. Wakainuka, wakavuta tena, wakaanguka tena.

"Mbona hanyanyuki?" Sultani akafoka.

Kidawa akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Sultani, wewe umeona wapi watu wakabeba jeneza huku wamesimama juu yake? Shukeni kwanza."