Kabaila Aliyeapa Kila Mlangoni

Haya, sogeeni motoni. Nikisema hadithi, nyinyi semeni ilete.

Hadithi.

– Ilete, kuni bado zipo.

Ya kweli au ya uongo?

– Changanya tu, tutapepeta wenyewe.

Basi hapo zamani za kale, mbali sana huko kaskazini, kulikuwa na nchi iitwayo Uingereza. Nchi ya mvua. Mvua ya huko hunyesha asubuhi, ikapumzika kidogo, ikakumbuka kitu, ikarudi. Na huko aliishi kabaila mmoja, jina lake Bwana Walerani. Alikuwa na ngome ya mawe juu ya kilima, yenye lango la mashariki na lango la magharibi. Alikuwa na mke, Bibi Hawisa, mwanamke wa maneno machache yenye pilipili. Na alikuwa na farasi wa kijivu aliyejua kusema. Msiniulize alijifunzia wapi. Siku zile farasi wote walikuwa wakisema, ila wengi hawakuwa na la kusema.

Mfalme mzee wa nchi ile akafa. Akaacha binti, Sibila, na mtoto wa ndugu yake, Radulfu. Binti akasema, "Kiti ni cha baba yangu." Radulfu akasema, "Kiti nimeshakikalia." Vita vikaanza, ndugu kwa ndugu, na nchi ikapasuka kama kibuyu kilichoangukia jiwe.

Makabaila wote wakaambiwa wachague upande. Bwana Walerani akapanda mnarani. Akatazama mashariki, akatazama magharibi, akashuka, akala, akalala.

Bibi Hawisa akamwuliza, "Mume wangu, wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa yeyote aliye mlangoni."

"Basi omba wasibishe hodi wawili kwa pamoja," akasema Hawisa, akaenda zake jikoni.

Haukupita muda, Mfalme Radulfu akafika lango la mashariki na jeshi lake, bendera za buluu zimetanda. Akaita, "Walerani, wewe ni wa nani?"

Bwana Walerani akavaa joho la buluu, akatoka mbio, akapiga magoti kwenye tope. Desturi ya kule, mtu akiapa huunganisha viganja vyake, akaviweka kati ya viganja vya mkubwa wake. Akaviweka. Akasema, "Wako, bwana wangu, mpaka kufa."

Mfalme akafurahi. Jeshi likaingia likala mabata bukini wote wa kijiji, yakabaki manyoya yakipepea. Likaondoka.

Farasi akasema, "Bwana, umeapa."

"Nimeapa."

"Haya."

Mara Malkia Sibila akafika lango la magharibi na jeshi lake, bendera nyekundu zimetanda. Akaita, "Walerani, wewe ni wa nani?"

Bwana Walerani akavaa joho jekundu, akatoka mbio, akapiga magoti kwenye tope. Akaunganisha viganja, akaviweka. Akasema, "Wako, bibi yangu, mpaka kufa."

Malkia akafurahi. Jeshi likaingia likala kondoo wote. Likaondoka.

Farasi akasema, "Bwana, umeapa tena."

"Nimeapa tena."

"Na huko kufa, utakufa mara ngapi?"

Bwana Walerani akalikunja joho jekundu.

Mara mfalme akarudi. Joho la buluu, mbio, magoti, tope, mpaka kufa. Jeshi likatafuta bukini, hakuna. Likatafuta kondoo, hakuna. Likaona maksai wa kulimia wamesimama zizini wakitafuna nyasi, hawana habari na mambo ya wafalme. Likawala maksai.

Ndipo akaja Osbati. Osbati alikuwa mlimaji wa kijiji, mtu mpole, kofia yake ameishika mkononi na mvua inamnyeshea upara.

"Bwana mkubwa," akasema, "maksai wameliwa, na wakati wa kulima ndio huu. Watoto watakula nini?"

"Vita vikiisha tutaona, Osbati."

"Njaa haingoji vita viishe, bwana mkubwa."

Akavaa kofia yake akaondoka. Bwana Walerani akahisi kitu kimemkwama kifuani, kama mtu aliyemeza mfupa. Akadhani ni kwikwi. Akanywa maji. Hakikushuka.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja ukungu ulianguka mzito, mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Hodi ikabishwa mashariki. Bwana Walerani akaenda akiwa ndani ya buluu. Mfalme akamwambia, "Leo tunapigana na Sibila hapa hapa uwanjani, chini ya ngome yako. Shika bendera yangu, utangulie."

Kabla hajajibu, hodi ikabishwa magharibi. Akabadili joho akaenda. Malkia akamwambia, "Leo tunapigana na Radulfu hapa hapa uwanjani. Shika bendera yangu, utangulie."

Akashika ya huyu, akashika ya yule. Akapanda farasi. Ukimwona mashariki, ni wa buluu, anasema, "Nipo, bwana wangu." Anazunguka ngome ndani ya ukungu, anavua, anavaa. Ukimwona magharibi, ni mwekundu, anasema, "Nipo, bibi yangu." Akazunguka mara ya kwanza. Akazunguka mara ya pili. Mara ya tatu majoho yakamtatiza, mkono mmoja ukaingia kwenye buluu, mwingine ukaingia kwenye nyekundu, kichwa kikatokea pasipo pake.

Hapo yeye na farasi wameshafika katikati ya uwanja, jeshi huku, jeshi kule. Farasi akasimama. Kisha akaketi, kama mbwa anavyoketi.

"Inuka," akasema Bwana Walerani.

"Nimechoka."

"Ukungu unaondoka."

"Nauona."

"Watatuona."

"Watakuona wewe. Mimi sikuapa."

Ukungu ukaondoka. Majeshi mawili yakamwona mtu juu ya farasi aliyeketi, mkono wa buluu, mkono mwekundu, na bendera mbili. Halafu askari mmoja wa mfalme akacheka puani. Mmoja wa malkia akamjibu. Kicheko kikatambaa mstari hadi mstari, mpaka wapiga upinde wakaangusha mishale.

Mfalme na malkia hawakucheka. Wakaja. Wakauliza kwa pamoja, "Walerani, wewe ni wa nani?"

Bwana Walerani akafungua kinywa, ikatoka kwikwi.

Mfalme akamshika mkono wa kulia. "Huyu wangu, aliapa." Malkia akamshika wa kushoto. "Wangu, aliapa." Vuta huku, vuta kule, majoho yakapasuka pwaa, kabaila akabaki na shati. Hapo ndipo wale ndugu wawili wakatazamana.

Malkia akauliza, "Wewe alikuambia mpaka kufa?"

"Mpaka kufa. Na wewe?"

"Mpaka kufa."

Tangu vita vianze, yalikuwa maneno yao ya kwanza bila mshale kupita katikati. Na wakakubaliana jambo moja: Walerani aadhibiwe. Ila mfalme akataka akatwe kichwa, malkia akataka anyongwe, ubishi ukaanza upya. Bwana Walerani akawa anageuza shingo huku na huku, akisikiliza shingo hiyo hiyo ikigombewa.

Bibi Hawisa akatoka ngomeni na chungu cha uji. Akakitua katikati yao. "Kaeni kwanza," akasema. "Mwenye njaa hahukumu vizuri."

Wakakaa. Mfalme akachungulia chungu, akauliza, "Nyama iko wapi?"

"Nyama mmekula. Bukini mmekula, kondoo mmekula, maksai mmekula. Mume wangu mwongo, sikatai. Lakini mkimkata kichwa, maksai hawarudi. Mkimnyonga, maksai hawarudi. Na kijiji kizima kitakufa njaa kwa kosa la mtu mmoja na tumbo la watu elfu. Nipeni cha kuvuta jembe."

Mfalme akatazama uji. Malkia akatazama uji. Aibu ikawapata, maana walikuwa wanaunywa.

"Avute yeye," akasema mfalme.

"Avute yeye," akasema malkia.

Walipokwisha kukubaliana mara mbili, ya tatu haikuwa ngumu. Radulfu akalie kiti mpaka afe, kisha akikalie mwana wa Sibila. Askari kusikia hivyo wakavua deraya zao za chuma, wakaanza kuulizana njia za kwenda makwao.

Basi Bwana Walerani akafungwa nira, yeye upande huu na farasi upande ule, Osbati nyuma ameshika jembe. Osbati hakuacha adabu yake. "Kulia kidogo, bwana mkubwa. Kulia, bwana mkubwa. Hapana, bwana mkubwa, kulia ni huku."

Siku ya kwanza aliona haya. Siku ya pili aliona maumivu. Siku ya tatu mvua ilinyesha, wakajikinga chini ya ua wa miti, na Osbati akatoa mkate wake mgumu, akaumega, akampa nusu. Bwana Walerani akala, machozi yakamtoka. Akasema ni mvua.

"Osbati, nisamehe kwa maksai wako."

Osbati akatafuna, akameza. "Twende tuvute, bwana mkubwa. Ardhi inakauka."

Nchi ile ardhi haikauki kamwe. Lakini Walerani alielewa, akainuka, akavuta. Na kile kilichomkwama kifuani kikashuka.

Mavuno yakaja. Bwana Walerani akauza deraya yake na upanga wake, akanunua maksai wawili, akawapeleka mwenyewe zizini kwa Osbati, akisukumwa na pembe njia nzima. Aliporudi, Hawisa alikuwa kizingitini. Akamtazama toka kichwani mpaka kwenye matope.

"Nawa miguu," akamwambia, "uje ule."

Wenzangu, njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne. Kiapo ni kama yai: ukiligawa upande huu na huu, umebaki na ganda.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, akaongeze chumvi kwao. Na wewe uliyekaa karibu na chungu changu, tangu nianze unatikisa kichwa kunikubalia, na viazi vinapungua. Sogea huko.